Maji ya Moto Baharini: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Mtambo wa Umeme Kupewa Leseni

UCHAMBUZI

Mjadala kuhusu mahali pa kujenga mtambo wa kwanza wa nyuklia nchini umewafanya wakazi wa Pwani, na sasa wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria, kuuliza maswali mengi kuhusu usalama, ardhi na fidia. Yapo maswali mengine ambayo yamepewa nafasi ndogo kuliko yanavyostahili. Mojawapo ni hili: joto ambalo mtambo hauwezi kuligeuza kuwa umeme litakwenda wapi?

Kwa mitambo mingi iliyojengwa ufuoni, jibu ni baharini. Na kabla mtambo haujajengwa, njia kuu ya kujua joto hilo litaenea umbali gani ni hesabu za kompyuta ambazo wataalamu huziita modeli. Matokeo ya hesabu hizo huwekwa katika ripoti ya tathmini ya athari za kimazingira, mara nyingi katika viambatisho ambavyo wasomaji wengi huviruka. Ilhali ramani moja ya rangi nyekundu na samawati katika kiambatisho hicho yaweza kuamua hatima ya nyasi bahari, matumbawe na kipato cha kijiji kizima cha wavuvi, kwani mitambo ya nyuklia ya kisasa hubuniwa ili itumike kwa miaka 60.

Makala haya yanaeleza modeli hizo ni nini, zinaweza kusema nini, na mwananchi anayehudhuria kikao cha ushirikishi wa umma anafaa kuuliza nini.

Joto linatoka wapi

Mitambo ya umeme inayotumia mvuke, iwe ya nyuklia, ya makaa ya mawe au ya mafuta, hufuata kanuni moja. Maji huchemshwa, mvuke huzungusha mapanga ya mashine ya kuzalisha umeme, kisha mvuke huo hupozwa ili urudi kuwa maji na kuanza safari upya. Upoaji huo hufanywa kwa kupitisha maji ya bahari katika maelfu ya mabomba membamba. Maji ya bahari hayachanganyiki na mvuke: huingia baridi, hubeba joto, kisha hurudishwa baharini yakiwa na joto zaidi. Kwa hiyo suala linalojadiliwa hapa ni joto. Mionzi ina kanuni na vipimo vyake tofauti.

Kiasi cha joto hilo ni kikubwa. Mtambo wa nyuklia hugeuza takriban theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme. Mtambo wenye uwezo wa megawati 1,000 za umeme hulazimika kutupa joto la takriban megawati 2,000. Ikiwa maji ya bahari yataongezwa nyuzijoto 10, patahitajika karibu mita 50 za ujazo za maji kila sekunde. Hizo ni lita 50,000, yaani malori matano ya maji ya lita 10,000 kila moja, sekunde baada ya sekunde, usiku na mchana. Ikiwa mhandisi ataamua ongezeko liwe nyuzijoto 7 pekee, maji yatakayohitajika yatafika mita 70 za ujazo kwa sekunde. Joto linalotupwa ni lile lile. Kilichobadilika ni wingi wa maji yanayolibeba.

Jambo hili ni geni kwa Wakenya wengi kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji ya mito na upepo. Mitambo ya Olkaria hupoza mvuke wake kwa minara inayotoa joto hewani. Mitambo ya upepo na ya jua haina mvuke wa kupozwa.

Sheria inasema nini

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, zilielekeza kwamba maji taka yanayoingizwa katika mazingira yasitofautiane kwa zaidi ya nyuzijoto 3 na maji yanayoyapokea. Miongozo ya Kundi la Benki ya Dunia nayo inataja ongezeko lisilozidi nyuzijoto 3, lakini inapima ongezeko hilo kwenye ukingo wa eneo maalumu la mchanganyiko ambalo sharti libainishwe kisayansi.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Maji yakitoka bombani yakiwa na ziada ya nyuzijoto 10, hayawezi kutimiza kiwango cha nyuzijoto 3 pale pale kwenye mdomo wa bomba. Hutimiza baada ya kuchanganyika. Eneo la mchanganyiko likiwa mita 100, hilo ni jambo moja. Likiwa kilomita 2, ni jambo jingine kabisa, ingawa ripoti zote mbili zaweza kuandika kwamba kiwango kimezingatiwa. Swali la kwanza la msomaji, kwa hiyo, ni mahali ambapo kiwango kitapimwa.

La pili ni kama kiwango chenyewe kinatosha. Bahari yetu hufikia kilele cha joto mwezi Machi na Aprili, karibu nyuzijoto 29 hadi 30 juu ya maji. Matumbawe huanza kupauka pale joto linapozidi kilele cha kawaida kwa takriban nyuzijoto 1 na kuendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Wavuvi na wahifadhi wa Pwani wanakumbuka mwaka 1998, matumbawe yalipopauka na kufa kwa wingi kutokana na joto lililoambatana na El Niño. Hivyo basi, mradi unaweza kutimiza kiwango cha nyuzijoto 3 na bado ukaharibu mwamba ulio jirani. Ripoti inayoonyesha ramani ya mstari wa nyuzijoto 3 peke yake haijamaliza kazi. Mwananchi ana haki ya kuomba aonyeshwe pia mstari wa nyuzijoto 1.

Modeli inavyofanya kazi

Kwa kawaida hesabu hugawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huangalia eneo lililo karibu na mdomo wa bomba, ambako maji hutoka kwa kasi na kuvuta maji baridi yaliyo kando yake. Hapa kinachotawala ni kasi ya maji, kina cha bahari na umbo la bomba. Bomba lenye matundu mengi lililolazwa chini ya bahari huchanganya maji haraka kuliko mfereji ulio wazi unaomwaga ufuoni. Programu iitwayo CORMIX, iliyotokana na Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, hutumiwa sana katika hatua hii.

Sehemu ya pili huangalia eneo la mbali, ambako kasi ya bomba imekwisha na maji yanapelekwa na mkondo, upepo na kujaa na kupwa kwa bahari. Hapa hutumiwa programu kubwa zaidi kama Delft3D ya Uholanzi, MIKE ya Denmark na TELEMAC, ambayo chimbuko lake ni shirika la umeme la Ufaransa, EDF. Programu hizo huigawa bahari katika vyumba vidogo vidogo, kisha kwa kila chumba hukokotoa maji yaliyoingia, yaliyotoka, joto lililobebwa na joto lililopotea hewani. Hesabu hurudiwa kwa kila sekunde au dakika chache hadi kupata picha ya wiki, mwezi au msimu mzima.

Vyumba hivyo vinafanana na matundu ya wavu. Wavu wa matundu makubwa hauwezi kunasa dagaa, na modeli yenye vyumba vya upana wa mita 200 haiwezi kuuona mlango wa bahari wenye upana wa mita 50 ambao maji ya hori hupitia. Pwani yetu imejaa milango ya namna hiyo, fungu za mchanga na miamba inayotokeza maji yanapokupwa. Modeli isiyoviona vitu hivyo itachora bahari iliyo wazi na laini kuliko ilivyo.

Kuna jambo jingine la kimaumbile ambalo sharti liingizwe. Maji ya moto ni mepesi, hivyo huelea. Maji ya bahari yaliyozidi joto kwa nyuzijoto 7 hupungukiwa na takriban kilo 2 kwa kila mita ya ujazo, tofauti inayotosha kuyafanya yatandae juu kama blanketi. Modeli inayochukulia bahari kama tabaka moja kutoka juu hadi chini hulisambaza joto hilo sawasawa katika kina chote, na matokeo yake huonekana mazuri kuliko hali halisi ya juu ya maji. Kwa bahari yenye kina cha kutosha, modeli inapaswa kuwa na tabaka kadhaa.

Swali kuu: maji mapya yatatoka wapi?

Watu wengi hudhani kwamba bahari ni kubwa kiasi kwamba joto la mtambo mmoja hupotea mara moja. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha mahali ambapo dhana hiyo ina ukweli na mahali ambapo haina.

Lita moja ya maji yenye ziada ya nyuzijoto 10 ikichanganywa na lita 9 za maji ya kawaida, ziada hushuka hadi nyuzijoto 1. Kwa hiyo mtambo unaomwaga mita 50 za ujazo kwa sekunde unahitaji mita 450 za ujazo za maji mapya kila sekunde ili ziada ifike nyuzijoto 1. Neno la kuzingatia ni mapya. Kwenye bahari iliyo wazi, mbele ya mwamba, mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unaoelekea kaskazini huleta maji hayo. Ndani ya hori au nyuma ya mwamba, hali ni tofauti. Maji yanayotoka wakati wa kupwa ndiyo hayo hayo, kwa sehemu kubwa, yanayorudi wakati wa kujaa. Yakirudi na joto la jana, mtambo huyaongezea joto la leo.

Hewa nayo hupokea joto hilo polepole. Kwa makadirio yanayokubalika, uso wa bahari hupoteza takriban wati 50 kwa kila mita mraba kwa kila nyuzijoto moja ya ziada, kutegemea nguvu ya upepo. Ili megawati 2,000 zitoke kwa njia hiyo peke yake huku ziada ikiwa nyuzijoto 1, lingehitajika eneo la karibu kilomita mraba 40. Bila maji mapya, wingu la joto halitaishia kwenye mdomo wa bomba.

Hii ndiyo sababu mahali ni muhimu kuliko teknolojia. Uyombo katika Kaunti ya Kilifi, eneo lililotajwa katika mipango ya awali na ambalo wakazi wake walieleza pingamizi lao waziwazi mwaka 2024, liko jirani na Hori ya Mida na Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968. Mtambo wowote unaopangwa kwenye mandhari ya namna hiyo, uwe wa nyuklia au la, hauna budi kuonyesha kwa vipimo kwamba maji yake ya moto hayataingia horini na kukaa humo. Na iwapo eneo litakuwa kando ya Ziwa Viktoria, swali linakuwa gumu zaidi, kwa sababu ziwa halina kujaa na kupwa kwa bahari, na ghuba zake zina kina kifupi.

Siku ya kupimia

Modeli ikitumia wastani wa mwaka, hutoa matokeo ya wastani. Lakini samaki na matumbawe hawaishi katika wastani. Wakati wa kusi, upepo ni mkali na bahari hupoa hadi karibu nyuzijoto 25 ifikapo Agosti. Wakati huo bahari huchanganyika vyema na ziada ya joto huvumilika. Kipindi cha hatari ni maleleji ya Machi na Aprili, kaskazi inapokwisha na kusi haijashika. Upepo hulegea, bahari iko kwenye kilele cha joto, na mikondo hudhoofika. Maleleji yakikutana na maji mafu, wakati tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo kuliko kawaida, kiasi cha maji mapya kinachofika ufuoni hupungua kuliko wakati mwingine wowote.

Hali hiyo, maleleji pamoja na maji mafu huku mtambo ukifanya kazi kwa nguvu zake zote, ndiyo inayofaa kuwa kipimo cha modeli ya mtambo wa pwani yetu. Inafaa pia iongezwe joto la mwaka wa El Niño. Ripoti inayoonyesha siku ya bamvua ya mwezi Agosti inaonyesha siku ambayo bahari inajisaidia yenyewe.

Vipimo vya kuhakiki modeli navyo vinapaswa kufuata majira. Vifaa vya kupima mkondo na joto vikiwekwa kwa wiki mbili tu za kusi, haviwezi kuthibitisha kile modeli inachosema kuhusu kaskazi. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina uzoefu wa miaka mingi katika maji haya. Na wavuvi, kupitia vikundi vya usimamizi wa fuo, wanajua mkondo unapogeukia na mahali maji yanapotuama. Modeli ikipingana na wanachokijua, kinachotakiwa ni kwenda kupima. Hakuna upande unaopaswa kupuuzwa bila kipimo.

Mafunzo kutoka kwingine

Mtambo wa nyuklia wa Koeberg, takriban kilomita 30 kaskazini mwa Cape Town, Afrika Kusini, umetumia maji ya bahari tangu miaka ya 1984 na 1985, kwa kiasi cha takriban mita 80 za ujazo kwa sekunde. Hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba jambo hili linawezekana barani Afrika. Ushahidi huo ni wa kweli, lakini una mipaka. Koeberg iko kwenye Bahari ya Atlantiki, mahali palipo wazi na penye maji baridi ya Benguela. Viumbe wa huko wako mbali na kikomo chao cha joto. Wa kwetu wako karibu nacho.

Mfano unaofanana zaidi na mazingira yetu ni Turkey Point, kusini mwa Florida nchini Marekani. Mwaka 1967 na 1968 mitambo miwili ya mafuta ilianza kumwaga maji ya moto katika Ghuba ya Biscayne, yenye kina cha mita chache na joto kali wakati wa kiangazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Miami walionyesha nyasi bahari zikifa kuzunguka mdomo wa mfereji. Mwaka 1970 serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani, wakati mitambo miwili ya nyuklia ikiwa bado inajengwa mahali hapo. Suluhisho lilikuwa kuchimba mifereji ya kupoozea yenye urefu wa takriban kilomita 270. Ghuba ilipata nafuu, lakini miongo iliyofuata maji ya mifereji yalizidi chumvi na kupenyeza kwenye maji ya ardhini yanayotegemewa na wakazi. Kurekebisha eneo baada ya mtambo kujengwa kumekuwa na gharama kubwa kuliko kuchagua vyema mapema.

Joto la bahari humrudia pia mwenye mtambo. Mwezi Agosti 2012, kitengo cha pili cha mtambo wa Millstone, Connecticut, kilisimamishwa kwa sababu maji ya bahari yaliyokuwa yakiingia yalivuka kikomo cha takriban nyuzijoto 24 kilichowekwa kwenye leseni yake. Mwaka 2022, Ufaransa ililazimika kudhibiti uzalishaji wa baadhi ya mitambo iliyo kando ya mito iliyopata joto. Ikiwa maji ya moto yatazunguka na kurudi kwenye mlango wa kuvutia maji, mtambo hupoteza ufanisi. Kwa hiyo modeli nzuri humlinda mvuvi, na humlinda pia mlipakodi atakayegharamia mtambo.

Haki ya mwananchi na maswali ya kwenda nayo

Katiba, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 69 inaitaka Serikali kuhimiza ushirikishi wa umma na kuweka mifumo ya kutathmini athari za kimazingira, na Ibara ya 35 inalinda haki ya kupata habari. Ripoti ya tathmini inapowasilishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, tangazo hutolewa na umma hualikwa kutoa maoni ndani ya muda uliotajwa. Anayepinga leseni iliyotolewa anaweza kukata rufaa katika Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60.

Haki hizi si za maandishi tu. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama hiyo ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Lamu, na mojawapo ya sababu ilikuwa umma kutoshirikishwa ipasavyo. Uamuzi huo uliwakumbusha wawekezaji na taasisi za umma kwamba ushirikishi ni sehemu ya uhalali wa mradi.

Kwa mradi wowote utakaomwaga maji ya moto baharini au ziwani, maswali yafuatayo yanafaa kujibiwa kwa lugha inayoeleweka na wakazi:

1. Eneo la mchanganyiko lina ukubwa gani, na lina nini ndani yake: nyasi bahari, matumbawe, mikoko au njia za samaki?

2. Mstari wa nyuzijoto 1 unafika wapi, mbali na ule wa nyuzijoto 3?

3. Je, hali ya maleleji na maji mafu imehesabiwa, mtambo ukiwa kwenye nguvu kamili?

4. Vipimo vya baharini vilichukuliwa kwa miezi mingapi, katika majira gani, na vilikaribiana kiasi gani na matokeo ya modeli?

5. Hesabu zimegusa joto tu, au pia klorini inayotumiwa kuzuia viumbe kuota mabombani, na mayai na vifaranga vya samaki vinavyovutwa pamoja na maji?

6. Minara ya kupoozea au eneo jingine vililinganishwa na pendekezo hili kabla ya uamuzi?

7. Baada ya mtambo kuwashwa, nani atapima, matokeo yatachapishwa wapi, na uzalishaji utapunguzwa lini iwapo vipimo vitazidi?

Swali la saba lina uzito wa pekee. Modeli ni makisio yaliyofanywa kwa uangalifu, na makisio hukamilika kwa kupimwa. Vipima joto vilivyowekwa baharini kabla ya ujenzi kuanza ndivyo vitakavyoonyesha baadaye ni joto lipi lililotoka mtamboni na lipi lililoletwa na mabadiliko ya tabianchi. Vikichelewa, ushahidi huo hautapatikana tena, na mzozo kati ya mvuvi na mtambo utakosa msingi wa kuamuliwa.

Taifa linahitaji umeme zaidi kwa viwanda, hospitali na makazi, na chaguzi zote zinastahili kuchunguzwa kwa haki. Uchunguzi huo unahusu pia bahari inayoombwa kupokea joto la mtambo kwa miongo mingi. Wananchi wanahimizwa kufuatilia matangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na magazeti ya kitaifa, kuomba nakala za ripoti pamoja na viambatisho vyake, na kufika katika vikao wakiwa wameandika maswali yao.